Misa ya Tisa

Sariaya, 23 Desemba

Kwako Dada Ligaya,

Amani ya Bwana ikufikie huko Milano kwenye baridi. Magoti je, bado yanakusumbua ukipanda ngazi za matajiri wako? Sisi tunaamka, tunakula, tunamshukuru Mungu.

Dripu za saratani nimemaliza ya nne. Nywele zimekwisha zote. Mama Pasing, yule muuza mikate ya mchele mlangoni pa kanisa, ananiita Baba Askofu kwa sababu ya kofia ninayofunikia upara, eti nimbarikie na jiko lake. Kucheka bado naweza, Dada.

Mwanangu Jovelyn ameacha kazi Manila aje kuniuguza. Nilimgombeza arudi, akanijibu kwamba nilipombeba tumboni miezi tisa sikutafuta mtu wa kunipokea. Ana mdomo kama wako! Lakini nilimwona akikunja sare yake ya kazi na kuificha chini kabisa ya sanduku. Tangu hapo, usiku nikitapika, najiziba mdomo kwa taulo asiamke.

Mwaka huu tumeshika misa tisa za alfajiri kabla ya Krismasi, mimi na yeye, mkono kwa mkono. Unajua tulivyolelewa: atimizaye zote tisa, ombi lake hupokelewa. Leo tumemaliza ya nane. Watu wananiambia, Trining, uponyaji wako huo unakuja.

Dada, sikuomba uponyaji. Niliomba Mungu anichukue kabla ya Pasaka, mtoto awe huru, nawe upumzike kunilipia dripu. Nimeliomba hilo asubuhi zote nane.

Leo baada ya misa, nimekaa kando napumua, nikamsikia Mama Pasing akimtania Jovelyn kwamba bila shaka anaomba mume. Jovelyn akasema mume atangoja. Yeye anaomba mama yake amwite usiku, maana kila usiku yu macho nyuma ya pazia, anasikia yote, anangoja tu jina lake.

Mkate wangu nikauweka chini. Sitaki kufa, Dada. Nataka nimwone ameivaa tena ile sare. Lakini nimekwisha omba mara nane, na Mungu si mtoto wa kutumwa dukani, umwambie lete, kisha rudisha. Nikawaza kesho nijifanye miguu imegoma, tisa zisitimie. Ila nikibaki, naye atabaki kunitazama, na ombi lake litavunjika pamoja na langu.

Basi nitakwenda. Nitamwambia Mungu apokee la mtoto, la kwangu asilikumbuke. Naogopa sana kwamba nimechelewa. Niombee.

Taulo nimeliloweka kwenye beseni, nisiweze kulitumia. Tumbo likianza usiku huu, nitamwita.

Vaa soksi nzito. Jovelyn anakuamkia, mkono wako anaubusu. Krismasi njema, Dada.

Mdogo wako akupendaye,
Trinidad