Mishono Iliyo Ndani ya D

Jumatatu, 10 Novemba 2025

Kompyuta ya Baba Whitney imerudi nyumbani, na imerudi ikiwa mgeni. Wiki jana binti yetu Whitney aliibeba akaipeleka kwa mtu wa kazini kwao, eti aiwekee Windows mpya. "Mama, hiyo XP ni ya enzi zenu." Haya. Leo nimeiwasha. Inang'aa kweli! Picha za milima, sauti tamu. Nikaichomeka kwenye mashine ya kudarizi — kimya. Programu ya kuchora beji za sweta haifunguki hata kwa maombi. Kumbe mashine yetu inaelewana na ile Windows XP ya zamani tu. Wamezoeana, kama sisi.

Nimempigia Whitney huko Mowlem anakoishi. Sikumgombeza, alifanya kwa upendo. Lakini aliposema basi niuze hiyo mashine nipumzike, nilikata simu nikisingizia chai inafurika. Chai gani! Jiko lilikuwa limezimwa.

Michoro ipo, nimeiona kwa macho yangu. Baba Whitney alinifundisha zamani: diski ni moja lakini ina vyumba viwili. C ni chumba cha Windows, D ni chumba chetu. Windows ikiharibika, C inabomolewa inajengwa upya, D haiguswi. Na ndani ya D ndiko ziliko beji zote. Za shule, za kwaya, ya akina mama wa kanisa, hata ile ya jogoo ambaye Baba Whitney alimwongezea unyoya mmoja mkiani na mwalimu mkuu hajawahi kugundua mpaka leo. Kila mshono aliupanga mwenyewe, uanzie wapi, uelekee wapi. Kwa mkono wa kulia.

Huo mkono umelala mapajani tangu kiharusi cha Machi. Maneno nayo yaliondoka siku hiyo hiyo. Amebaki na "mm" ya kukubali na kichwa cha kukataa. Nakala ya michoro? Alikuwa aifanye "wiki ijayo." Ndiyo maana naogopa. Watu wa kuchora beji wako wengi mjini, lakini hizi ni zake, na hawezi kuzirudia.

Jumanne, 11 Novemba

Nimemwendea Gitonga, kijana fundi wa kompyuta hapo nyuma ya soko la Jericho. Nikamwambia nataka XP. Alicheka mpaka akashika meza. "Mathe, hiyo kitu ni mzee kuliko mimi!" Lakini ameitafuta, ameiweka kwenye flash.

Alitaka tumpelekee kompyuta dukani. Baba Whitney akaikumbatia kwa mkono wa kushoto, akakaza macho. Wiki jana ilichukuliwa akiwa amelala, na hajatusamehe. Basi Gitonga akafunga duka, akaja kwetu na flash yake.

Mambo hayakwenda. Skrini ya bluu, maandishi meupe, inazima. Tena. Bluu. Mara ya tatu ikasema haioni diski yoyote. Haioni diski! Gitonga akajikuna kichwa, akasema tuformati, yaani tufute diski yote, tuanze upya. Nikamwambia ajaribu aone kama atatoka kwa mlango au kwa dirisha.

Halafu — naandika hili polepole nisije nikalisahau — nikasikia kitu kinakwaruza sakafu. Baba Whitney alikuwa anasogeza kiti. Miezi yote hii amekaa ameelekea dirishani, akihesabu kunguru. Leo amejivuta, kidogo kidogo, mpaka mezani. Akakaa karibu na Gitonga, akatazama skrini. Nikaenda jikoni nikalia juu ya sufuria ya sukuma wiki. Sikuongeza chumvi leo, na hakuna aliyelalamika.

Alhamisi, 13 Novemba

Gitonga amepata! Yule mtu wa kazini kwa Whitney alibadilisha mpangilio fulani huko ndani kabisa, kabla hata Windows haijaamka: jinsi kompyuta inavyozungumza na diski. XP haiijui lugha hiyo mpya, ndiyo maana ilikuwa inapita kando ya diski kama mtu aliyekosana na jirani. Gitonga akarudisha mpangilio wa zamani. Akaweka flash. Diski ikaonekana, na vyumba vyake vyote. Baba Whitney akasema "mm!" Hiyo "mm" ilikuwa na tabasamu ndani yake.

Tulipotaka kuendelea stima ikapotea. Mtaa mzima giza, saa nane ya mchana! Gitonga hakuweza kungoja, kesho wanaenda Nyeri na familia yake kupeleka ruracio, mahari ya kaka yake, arudi Jumapili. Akaniambia ni rahisi: nichague C, niifute, nithibitishe kwa herufi L, halafu nafasi ikibaki wazi niweke XP hapo. "Hiyo ingine usiguse, mathe." Nikamjibu kwamba hiyo nyingine naijua kuliko yeye.

Ijumaa, 14 Novemba

Stima haijarudi. Nimemnyoa Baba Whitney ndevu. Anaonekana kijana, nimemwambia sasa nitaanza kumfungia ndani. Amecheka kwa upande ule unaocheka. Amekula ugali wote.

Na kiti bado kiko mezani. Amekataa nikirudishe dirishani.

Jumamosi, 15 Novemba

Nyasaye, Mungu wangu. Nimefanya nini?

Stima ilirudi asubuhi. Nikaona kwa nini nimngoje Gitonga? Si amenieleza? Nikamkalisha Baba Whitney, nikaweka flash, nikafika pale penye vyumba. Vilikuwa vitatu! C, D, E. Nikatazama C — kadogo, hata hakafiki robo ya vingine. Nikajiambia, Roseline, tumia akili: hiyo ni flash yenyewe, imejiita C. Nilijivunia sana. Basi nikawaza: D ni yetu, imekuwa yetu siku zote. C ni flash. Iliyobaki ni E. Basi Windows ya yule bwana wa kazini kwa Whitney ndiyo E. Hesabu nyepesi.

Baba Whitney akaanza kugonga meza. Nikamwambia ngoja, Baba Whitney, nimeelewa. Akagonga tena, akatoa sauti, "mm" si "mm", kitu kingine, kama mtu anayeita kutoka mbali. Nikasema ngoja! Sikugeuka kumtazama. Nikafuta E. Ikauliza nina hakika. L. Ikafutika, pakaandikwa kwamba nafasi ni wazi. Nikapeleka mshale pale niweke XP —

Skrini ikazima. Nikadhani ni stima. Nikageuka: Baba Whitney ameinama nusu ya kuanguka, kiti kimelala, na waya wa kompyuta uko mkononi mwake. Ameung'oa ukutani.

Nikamfokea. Mume wangu mgonjwa, nikamfokea kama mtoto aliyemwaga maziwa. Una nini wewe, unataka kuniulia kompyuta? Yeye ananitazama tu. Machozi yakaanza kumtoka, upande mmoja na upande wa pili, macho yote mawili. Akanyoosha kidole kwenye skrini nyeusi. Akatikisa kichwa. Akatikisa tena na tena.

Hapo ndipo nilipoelewa. Flash ilipochukua C, kila chumba kilisogea hatua moja. Windows ikawa D. Na sisi tukawa E.

Nilikaa sakafuni karibu na miguu yake. Nilisema pole mpaka neno likaisha maana. Akaweka mkono wake kichwani mwangu, kwenye leso. Sikustahili.

Jumapili, 16 Novemba

Sikwenda kanisani. Nitaimbaje? Akina mama wamevaa sweta zenye ile beji, na mimi ndiye niliyepafuta ilikotoka.

Whitney alikuja na mandazi. Nilipomwambia, alianza kulia, akasema ni yeye aliyeanzisha. Nikamwambia tusigombanie hilo kama ni sahani ya nyama. Tukacheka kidogo, vibaya. Baba yake akamvuta sikio kama zamani alipokuwa anachelewa kurudi kutoka shule. Mara ya kwanza tangu augue.

Jioni Gitonga akafika na viatu bado vina tope la Nyeri. Nikamweleza kila kitu, hata kufoka kwangu. Hakucheka. Aliuliza: baada ya kufuta, uliweka kitu pale? Uliformati? Hapana, nikasema, waya uling'olewa. "Nani aling'oa?" Nikamwonyesha kwa kidevu. Gitonga akavua kofia. "Buda, wewe ni noma."

Akanieleza. Nilichofuta ni ule ukuta na namba ya mlangoni, vitu bado viko ndani, gizani. Lakini lau ningeweka XP juu yake, ingevikanyaga. Kwa hivyo inawezekana. Si ahadi. Diski yenyewe ni kuukuu, na kuna sauti anayoisikia ndani yake ambayo haipendi. Ataleta laptop yake na programu ya kutafuta. Mpaka siku hiyo hakuna kuiwasha, hata kwa dakika.

Nimeuzungushia waya kitambaa. Si kwamba simwamini mtu. Ni mimi nisiyejiamini.

Jumatatu, 17 Novemba

Baba Whitney hakula asubuhi. Wala mchana. Amekaa mezani mbele ya skrini iliyozimwa. Nimemwuliza kama amenikasirikia. Ametikisa kichwa. Nimemwuliza kama anaogopa. "Mm."

Mimi pia, nikamwambia. Nikavuta stuli, tukaogopa pamoja.

Naogopa nini hasa? Nimejiuliza nikifua. Beji zikipotea tutalala njaa? Hapana, nitarudi kuuza sweta sokoni Muthurwa, nilishauza. Naogopa kiti. Akiambiwa zimekwisha, atajivuta tena mpaka dirishani kwa kunguru wake, na safari hii sitaweza kumtoa huko. Hilo ndilo. Mungu, unasikia? Nichukulie mashine ukitaka. Huyu niachie hapa mezani.

Jumanne, 18 Novemba

Gitonga yuko hapa tangu saa nne. Ameitoa diski, ameifunga kwa waya kwenye laptop yake, na programu inatafuta. Kuna mstari wa kijani unaotambaa. Unatambaa, unasimama, unatambaa. Diski inalia kama kuku anayetaka kutaga. Gitonga anasema tusiiguse meza.

Naandika kwa mkono wa kulia kwa sababu wa kushoto ameushika Baba Whitney. Ameukaza kweli, pete inaniuma. Sitamwambia.

Mstari umefika nusu. Hakuna kitu.

Nimempa Gitonga chai. Ya kwangu imepoa. Whitney amepiga simu, nimemwambia asipige tena, nitampigia mimi.

Bado hakuna kitu. Baba Whitney amefumba macho. Namtazama midomo inacheza. Anaomba? Anahesabu mishono? Tumekaa pamoja miaka hii yote na bado sijui anachofanya akifumba macho.

Gitonga amesema "ebu ngoja." Ebu ngoja nini? Kuna mstari mpya. Ameubofya.

Majina! Majina yanashuka kwenye skrini kama watoto wanaotoka darasani! Naona ile ya kwaya, naona ya shule ya Khalayi Junior, ile ya nasari ya Nabiswa, naona jogoo. Nimepiga kelele. Gitonga amenituliza, pole pole mathe, jina si kitu chenyewe. Jina linaweza kurudi na ndani mtupu. Inabidi kuziokoa moja moja kwenye diski nyingine, na hii inaweza kufa wakati wowote, kwa hivyo tuanze na ipi? Iliyo muhimu zaidi ni ipi? Nilikuwa nafungua mdomo kusema ya shule, maana Januari ndiyo hiyo, shule zinafunguliwa.

Baba Whitney ameniachia mkono.

Amefungua macho, amenyoosha mkono wake wa kushoto juu ya meza, na ameuondoa mkono wa Gitonga kwenye mausi. Kwa adabu, kidole kimoja kimoja. Sasa ameishika yeye. Kwa kushoto! Hajawahi. Mshale unakimbilia pembeni, unarudi, unapita jina, unarudi tena. Jasho linamtoka puani. Gitonga ameinuka kumsaidia, anasema diski haina muda, buda, nionyeshe tu nikubofyee.

Nimemshika Gitonga shati. Mwache, nimemwambia. Anafanya kazi.

Mshale unatetemeka juu ya majina. Diski inalia. Anashuka pole pole, anasoma, anatikisa kichwa, anashuka. Zirudi zisirudi, kiti chake kiko hapa mezani.