Pombe Yako Nyekundu Imerudi Kilabuni

Bibi yangu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini ningeanzaje bila kukuamkia?

Nimekaa nyuma ya jiko, na kwa mara ya kwanza tangu tukuzike nimecheka mpaka mbavu zikauma. Nina habari njema. Nataka uisikie kwangu kabla Mzee Shekiondo hajaitia chumvi, maana habari za mzee yule hata huko uliko zitafika.

Ulipoondoka, akina mama wanaopikia kilabu walikaa kikao. Jumamosi ilikuwa zamu yako, siku ambayo watu hupanda kutoka Soni kuifuata ile pombe yako nyekundu. Wakasema zamu haiachwi ilale; kijiji cha ujamaa kina utaratibu wake. Mama akaomba aishike yeye. Akapika, ikatoka nyeupe kama maji ya kuoshea mchele. Akapika tena. Bibi, ya pili ilikuwa mbaya zaidi! Nyeusi, chungu, mpaka Mzee Shekiondo akauliza kama mkweo alikuwa anapika pombe au anachoma mkaa. Mama Eliza, kiongozi wao, akamwambia kwa upole, "Mara moja tu zaidi, mwenzangu. Ikishindikana, Jumamosi tutampa mwingine."

Mama akakosa usingizi. Sidhani alikuwa anaililia zamu. Aliogopa kwamba kitu chako cha mwisho hapa duniani kitamfia mikononi.

Ndipo nikaja likizo. Akanikalisha jikoni. "Wewe ndiye ulikuwa unashinda naye hapa. Kimea alikikaanga kwa muda gani?"

Nikajibu bila kufikiri, "Mpaka ukurasa uishe."

Unakumbuka? Wewe ukigeuza ulezi uliochipua kwenye kikaango, mimi pembeni nikikusomea kijitabu cha bwana shamba, ukurasa ule ule wa matuta na samadi. "Ukimaliza, naepua." Saa hatukuwa nayo, na wala hukuitaka; nilipokwenda sekondari jicho lako lilikuwa limeshazoea.

Mama akawasha moto, nikasoma. Nilipomaliza, akaepua. Kimea kilikuwa kimepauka kama vumbi, hakijaiva. Tukatazamana. Kijitabu kile kile, kikaango kile kile! Machozi yakaanza kumlengalenga, kisha ghafla akanishika mabega.

"Ulikuwa darasa la ngapi?"

"La tatu, Mama."

"Na sasa uko kidato cha tano! Unasoma kama lori lililokatika breki kwenye mteremko wa Mombo! Hebu soma kama mtoto!"

Akamimina kimea kingine kikaangoni, nami nikasoma kama mtoto, Bibi. Kidole chini ya kila neno. Kwenye "mmomonyoko" nikakwama makusudi, nikarudia, nikakwama tena, na nikakusikia kabisa ukinicheka: "Panda taratibu, mlima haukimbii." Nilipofika nukta ya mwisho, Mama akaepua. Kimea kilikuwa chekundu kama barabara yetu baada ya mvua.

Jumamosi ikafika. Desturi unaijua: wa nyumba iliyopika hunywa kwanza, mbele ya wote, wageni waone kuwa hakuna baya. Mama hakuthubutu kuonja, akanipa kata mimi. Mimi, ambaye kwa haya hata dukani humtuma mtoto akaninunulie chumvi! Lakini nimeshatimiza miaka kumi na tisa, kisingizio sikuwa nacho.

"Haya, msomi," Mzee Shekiondo akapaza sauti, "onja, au unangoja kengele ya mtihani?"

Nikaonja. Kwanza povu, lenye harufu ya ulezi ulioungua kidogo tu. Kisha utamu, ule wa ukoko uliobanduliwa chunguni ungali moto. Kisha uchachu kama wa pichi ambalo halijaiva sawasawa. Mwisho uchungu mdogo, ukabaki ulimini, haukutaka kuondoka. Ilikuwa yako. Bibi, ilikuwa yako! Mwonjaji hupiga funda moja, akapisha wengine. Nilisahau. Nilizinduka nikiona kitako cha kata, na kilabu kizima kinaangua kicheko.

"Mnyang'anyeni!" mtu akapiga kelele. "Elimu hii itatumaliza!"

Mzee Shekiondo akanywa yake. Akapangusa masharubu, akavua kofia, akamwambia Mama, "Shikamoo."

Mama akashtuka. "Mzee! Mimi ni mwanao!"

"Sikuamkii wewe. Namwamkia aliyekufundisha."

Hapo hakuna aliyecheka. Mama Eliza akasema, "Jumamosi ni ya nyumba hii," na Mama akajifunika uso kwa kanga, akilia na kucheka pamoja.

Jumatatu narudi shule. Mdogo wangu Neema yuko darasa la pili, anasoma huku akihema kila neno; Mama ameshampa kazi ya kusoma jikoni. Siku Neema naye akizoea kusoma mbio, tutamtafuta mwingine. Nami nakuahidi, kila likizo nitasimama mbele ya watu wale nionje, bila kujificha nyuma ya Mama, na ikiwa mbaya nitasema ni mbaya.

Lala salama, Bibi. Nyumba yako haitakosa mtoto anayesoma polepole.

Mjukuu wako,
Tabea