Niliondoa Sauti ya Dada Nikaisingizia Kampuni

Mshauri mpendwa,

Naandika nikiwa nimefunga mlango kwa ufunguo ingawa nyumbani niko peke yangu, kwa hiyo utaelewa nina aibu ya namna gani, naomba unisaidie, na kama itabidi unigombeze nigombeze tu, maana watu wote wanaonizunguka siku hizi wananisifu na sifa zenyewe zimeanza kunichoma.

Mimi ni mwimbaji, nyimbo natunga mwenyewe, na mwaka huu natoa albamu yangu ya kwanza. Shule sikwenda mbali. Kuimba nilifundishwa na mama yetu, naye alikuwa dobi, alikuwa na chumba kidogo kinachotazama barabara, katikati meza ndefu ya kupigia pasi, mimi upande huu na dada yangu upande ule tukikunja, mama anapiga pasi huku anaimba na kumgawia kila mmoja sauti yake, mimi ya juu, dada ya chini, na aliyekosea alirudishwa mwanzo wa wimbo hata kama mteja amesimama mlangoni. Mama alikuwa na jambo moja ambalo sijalisikia kwa mwimbaji mwingine. Pasi ikifika kwenye kola alibana pumzi ili mkono usimtoroke, halafu akavuta hewa ghafla na kuendelea, kwa hiyo neno lilikatika katikati, kama mtu aliyekanyaga kidato cha ngazi ambacho hakipo, na sisi tulikua tukidhani wimbo ndivyo ulivyo. Mimi nilipoanza kupanda majukwaani niliambiwa niache tabia hiyo, nikaiacha. Dada hakuambiwa na mtu. Anayo mpaka leo, na kadiri anavyoongeza umri ndivyo sauti yake inavyozidi kuwa ya mama, wateja wa zamani wakifika mlangoni husimama kwanza.

Mama alifariki mwaka jana, msimu wa mvua. Msibani sikulia sana, watu wakasema nimejikaza. Dada ndiye aliyebaki na chumba, meza na wateja.

Kampuni ya muziki iliponiita niling'ang'ania jambo moja tu, kwamba albamu iwe yangu, nyimbo nichague mimi, zipi zitangulie, ala gani zipigwe, picha ya juu iweje, nani aimbe na nani asiimbe, kwa sababu nimeona wenzangu wakitoa albamu ambazo hata mama zao hawakuwatambua humo. Bosi wa kampuni alicheka akasema, "Haya binti, usukani huo, ukitumbukia mtaroni umetumbukia mwenyewe." Ikaandikwa kwenye mkataba. Na mtu wa kwanza niliyemchagua kwa uhuru wangu huo alikuwa dada.

Alifunga duka akaja studio, akavaa hedifoni juu ya kilemba, akauliza kama anatakiwa asimame au akae, na kama ile maiki inauma. Prodyuza wetu tunamwita Mvi kwa sababu kichwa chake kimewahi kuzeeka kuliko yeye mwenyewe, na si mtu wa maneno. Dada alipomaliza kuimba sauti ya pili kwenye wimbo wa kwanza, Mvi alinigeukia akaniuliza, "Huyu mlikuwa mmemficha wapi?" Aliimba nyimbo zote.

Siku chache baadaye nikaenda kusikiliza tulichorekodi. Ulipofika wimbo nilioutunga kwa ajili ya mama, kwenye kiitikio, dada akabana pumzi palepale, neno likakatika, na mimi nikamsikia mama yuko nyuma ya bega langu anageuza kola. Mshauri, nilitoka nikasimama kwenye korido karibu na ndoo ya kudekia, nikahesabu vigae vya ukutani mpaka vikaisha. Nilipoingia tena nikamwambia Mvi atoe sauti ya dada kwenye nyimbo zote.

"Nimeichanganya vibaya?" akauliza.

"Hapana. Itoe."

"Hii ndiyo inayozishika hizi nyimbo, mwenzangu. Ukiitoa zitasimama kwa mguu mmoja."

Nikamwambia, "Albamu ni yangu au si yangu?"

Akaitoa. Sauti ya pili nikaimba mwenyewe. Imenyooka kama shuka la hoteli, haina mkunjo hata mmoja, na unaona kabisa hakuna aliyelala humo.

Nilikwenda dukani nimejiandaa kusema ukweli, lakini nilimkuta anaimba, nikataka anyamaze, kwa hiyo nikasema neno la kwanza lililonijia, kwamba kampuni imekataa, wanataka sauti moja tu. Dada aliisimamisha pasi. Akasema, "Sawa. Mradi wewe wamekukubali." Halafu akauliza, "Na ile sehemu ya mwisho, waliisikia lakini? Au walikata kabla hawajafika?" Nikasema waliisikia. Akatikisa kichwa, akarudi kwenye shati.

Tangu siku hiyo ananitetea kuliko ninavyoweza kujitetea. Anawaambia wateja kampuni ile haina masikio. "Siku mmoja wao akileta shati hapa," anasema, "kola nitainyoosha upande mmoja tu, atembee mjini shingo upande." Wateja wanacheka na mimi nacheka nao. Wiki iliyopita bosi alihojiwa redioni nami nikiwa palepale dukani, akaanza kujisifu kwamba wamemwachia huyu binti kila kitu, kila sauti mtakayoisikia humo kaichagua yeye na kila isiyomo kaitoa yeye. Nikajua leo ndiyo leo. Dada akainuka akazima redio.

"Wasikie wanavyojitakasa," akasema. "Wamekunyang'anya, halafu wanakutwika. Pole Chiriku wangu."

Chiriku ni jina alilonipa mama. Akanimiminia maji akanipa. Nikayanywa, mshauri. Niliyanywa yale maji mpaka bilauri ikaisha.

Mwisho wa mwezi kuna mkusanyiko wa kuisikiliza albamu kabla haijatoka. Dada ameshashona gauni. Anasema atamsogelea bosi, kwa adabu tu, amwulize sauti yake ilikuwa na kasoro gani. "Sitaki ugomvi," aliniambia, "nataka nijue tu, nisije nikawa miaka yote nawachosha wateja na hawasemi." Na kuna jambo jingine nimeligundua, siku hizi anapiga pasi kimya.

Mvi anajua yote. Ameniambia, "Niachie mimi, nitasema rekodi iliharibika mikononi mwangu, dada yako atanisamehe." Ni mtu mwema, na nusu ya moyo wangu inasema kubali, kwani ukweli wenyewe nitausemaje, kwamba sikuitaka sauti yako kwa sababu ni ya mama, nani anamwambia mtu maneno kama hayo? Rekodi ya dada bado ipo, Mvi hakuifuta, na bado kuna nafasi ya kuirudisha. Nimewaza niirudishe kimyakimya, aisikie siku ya mkusanyiko mbele za watu, iwe kama zawadi, na mambo yaishie hapo. Nishauri nifanye lipi, maana nikimtazama dada usoni naona ananihurumia, na huruma yake ndiyo siiwezi.

Chiriku

MSHAURI ANAJIBU

Chiriku, pole kwa kufiwa na mama. Nimeitanguliza pole kwa sababu nadhani ulipopewa msibani hukuipokea, ulikuwa na kazi ya kujikaza. Sasa kaa vizuri, maana umeomba kugombezwa na mimi sina uchoyo.

Ulipigania usukani ukaupata. Siku ya kwanza ulipogonga mtu ukasema gari ni la kampuni. Hapana, mwanangu. Anayetaka neno la mwisho kuhusu kazi yake analichukua hata siku linapomwumbua. Bosi wako anajisifu, mabosi ndivyo walivyo, lakini siku ile redioni alisema kweli, na aliyezimiwa redio alikuwa yeye.

Hukukosea ulipokwenda kusimama karibu na ile ndoo. Huo ulikuwa msiba unakudai kilio ulichouficha, na ulikuja kuchukua chake mahali usipotarajia. Hata kuiondoa sauti sikuiti dhambi. Albamu ni yako, na ungemwambia dada yako, "Nisamehe, siwezi kukusikia kwa sasa, nikikusikia namsikia mama," mngelia wote wawili na shati la mtu lingeungua, basi. Lakini umemwacha aamini kwamba sauti yake ina kasoro. Umeandika kwamba siku hizi anapiga pasi kimya, ukaliweka jambo hilo kandokando kama mtu anayetaja hali ya hewa. Lirudie ulisome. Wewe ulitaka kuikwepa kidogo sauti ya mama, na sasa unaelekea kuinyamazisha kabisa, mahali pekee ilipobaki.

Na yeye amefiwa pia, au umesahau? Mama alikuwa mmoja, yatima ni wawili. Ila yeye hakuwa na korido ya kukimbilia, alibaki na ile meza.

Kwa huyo Mvi, mshukuru na umkatalie. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, ndiyo maana anauona mwepesi. Akisema rekodi iliharibika, utakuwa na uongo wa pili unaoegemezwa kwenye wa kwanza, na kabla gauni halijavuliwa utahitaji wa tatu. Isitoshe, mtu mwema hatumiwi kama kitambaa cha kufutia meza.

Na hilo la kuirudisha sauti kimyakimya iwe zawadi, hapo ndipo uliponiudhi kweli. Ulimtoa bila kumwuliza, sasa unataka kumrudisha bila kumwuliza, tena mbele za watu, ambapo hataweza kukasirika kwa sababu kuna vinywaji na wapiga picha. Hiyo ni hila ya kununua msamaha kabla hajajua anasamehe nini.

Unauliza nani anamwambia mtu maneno kama hayo. Wewe. Utakwenda wiki hii, asubuhi kabla wateja hawajaanza kuingia. Simama upande wako wa meza, ule wa zamani, na ushike kitu cha kukunja ili mikono isikusumbue. Sema ni mimi niliyekutoa. Sema kampuni haikujua lolote. Sema sauti yako haina kasoro, ina mama ndani yake, na mimi nilishindwa kuisikiliza. Ukifika hapo nyamaza, usiongeze "lakini". Na usianze kulia wewe ili yeye ndiye akubembeleze, maji yake umeshakunywa ya kutosha.

Atakasirika. Nadhani kuondolewa kwenye nyimbo atakusamehe mapema, pengine hata ataelewa kuliko unavyofikiri, maana naye huisikia sauti yake anapoimba, wewe unadhani hajui anafanana na nani? Ile bilauri itachukua muda. Mwachie muda huo, usimfuate na ujumbe wa simu kila saa kumwuliza kama ameshapoa.

Akiwa tayari, mwulize kama anataka sauti yake irudi. Mwulize kama mtu anayeweza kuambiwa hapana. Akikataa, albamu yako itatoka na mguu wake mmoja, na kila utakaposifiwa kwa unyoofu wake utajua umelipia nini. Akikubali, mpigie Mvi simu siku hiyohiyo, na umwonye asithubutu kuisafisha ile pumzi. Wale wateja waliocheka nao waambiwe ukweli, na uwaambie wewe, kabla kola ya mtu asiye na hatia haijanyooshwa upande mmoja.

Albamu iwe na sauti yake au isiwe nayo, liko jambo moja ambalo halihitaji studio wala mkataba. Siku atakayokuruhusu kukaa tena dukani, mwombe apige pasi shati moja huku anaimba. Mwache afike kwenye kola. Neno likikatika, usitoke nje. Ingia na sauti yako ya juu, na ukikosea, kubali kurudishwa mwanzo.