Alama za Wiki Nzima kwa Asubuhi Moja

Mupendwa mushauri Pulchérie, naomba musaada wako, na naandika nikiwa na shukrani mingi, sababu mutu angekufa na hakukufa.

Mi niko infirmière, muuguzi, kwa ambulance ya kampuni moja hapa Gisenyi, na kila asubuhi tunapaswa kuangalia vyombo na kutia alama kwa karatasi, oksijeni imejaa, machela iko, dawa iko, lakini mi, Mungu anisamehe, kila Jumatatu nilikuwa natia alama za siku saba zote mara moja, sababu hakuna siku kitu ilikosekana, na Jumatano moja tukaenda Mahoko kuchukua mama Mukakalisa, muuza viazi, kifua kimemubana, na katikati ya njia oksijeni ikaisha, Mana yanjye, Mungu wangu! lakini Phocas, shofere wetu, hakunitukana, akasema tu, "Mushikilie akae wima, mi najua mahali," akakata kona kwa kituo ya afya, akarudi anakimbia na chupa ingine kwa bega, na yule mama akapona, hata leo nikipiga magoti namutaja Phocas.

Sasa familia inasema ni mi nilimuokoa, Jumapili wanataka kunipa ng'ombe, na Alhamisi wakaguzi wanakuja kuona kama kampuni inastahili cheti ya ubora, na karatasi ya ile Jumatano inasema oksijeni ilijaa. Bosi wetu Juvénal hajui. Nikisema, pengine cheti tunaikosa na Phocas anafukuzwa pamoja na mi. Nikinyamaza, bon, nani atajua? Lakini ile ng'ombe nitaipokea na uso gani? Nifanye nini?

Uwineza, Gisenyi

Mdogo wangu Uwineza,

Mama kapona, Mungu ashukuriwe, na Phocas abarikiwe. Sasa keti nikuseme. Alama ya Jumatano unaitia Jumatatu? Kwani wewe nabii? Eti nani atajua! Phocas anajua, na kituo kilichowaazima chupa hakikosi kuwa na daftari. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na wewe ni muuguzi, sikufundishi hilo.

Usijifiche nyuma ya Phocas pia. Kosa ni lako, yeye alilifunika kwa miguu yake. Wakaguzi wenye akili hawatafuti kampuni isiyokosea, wanatafuta inayoandika kosa lake na kulirekebisha. Kwa hiyo ile karatasi usiiguse, usifute hata alama moja. Andika ripoti pembeni: saa, mahali, nani alifanya nini. Mwombe Juvénal kuanzia sasa watu wawili wasome geji ya oksijeni kila asubuhi na wote wasaini. Akikupa adhabu, ipokee.

Na ng'ombe? Kwetu ng'ombe ni undugu, hapokelewi juu ya uongo. Jumapili nenda na Phocas, waambie yaliyotokea. Wakitaka bado kushukuru, wajue wanamshukuru nani.

Kuna mama mwingine atapanda gari lenu kesho. Hatauliza karatasi inasemaje, atataka pumzi. Nenda kwa Juvénal sasa hivi, hata gazeti hili usilikunje.