Mjomba Anataka Nimwambie Mkaguzi Kwamba Nimejiajiri

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla sijaharibu, maana kila ninayemuuliza nyumbani ni mtu wa upande wa pili.

Mimi ni mama wa watoto wawili, napiga pasi katika duka la dobi la mjomba wa mume wangu, na siku naanza alinipa karatasi nitie sahihi akasema hapa kwetu hakuna wafanyakazi, kila mtu amejiajiri, yeye anatukodisha meza tu, nami nikafurahi, mshauri, sitakuficha, nikachapisha hata kadi zenye neno Mkurugenzi, mama mkwe akazigawa mtaa mzima, na tangu hapo mjomba anatuita sote wakurugenzi, wakurugenzi leo hatoki mtu mpaka shuka za hoteli ziishe, mkurugenzi kadeki choo, na meza ni yake, pasi ni yake, aproni ina jina lake, nikichelewa ananikata, nikiumwa silipwi kwa sababu anasema mwenye biashara haumwi, na nilipomnyooshea jirani suti yake nyumbani kwangu mjomba alinirushia ujumbe wa sauti kwamba nikimpigia pasi mtu mwingine hata leso, kazi sina.

Sasa ofisi ya kodi imeniandikia kwamba mimi ni mfanyabiashara, sijawahi kupeleka hesabu, nadaiwa kodi ya miaka mitatu pamoja na faini, na hata tukiuza makochi haifiki. Nilipompelekea mjomba barua hiyo alisoma taratibu, akatabasamu, akanirudishia. "Hongera, mwanangu," akasema. "Sasa umetambulika."

Jumatatu mkaguzi wa kodi anakuja dukani kutuhoji, na mjomba amenipa karatasi nyingine ya kutia sahihi, inayosema pasi ni yangu na nina wateja wengi, wakati ninayemfanyia kazi ni yeye peke yake. Mume wangu anasema mjomba ndiye aliyemsomesha, tutamtazamaje usoni, na mama mkwe anasema damu ni nzito kuliko maji. Nikisema kweli nafukuzwa na nyumba inaniwakia moto, nikitia sahihi deni ni langu mpaka kaburini. Nifanyeje?

Mpiga Pasi

*

Mkurugenzi,

Pole sana. Naitanguliza pole kwa sababu huko mbele sitakuwa mpole.

Nimesoma habari za mabwana wa kila zama, na nakuhakikishia kwamba hata mwenye watumwa alijua chakula cha mtumwa ni juu yake. Mjomba wenu amevumbua kitu bora zaidi: mtumishi anayejigharamia mwenyewe, na juu ya hayo anashukuru kwa kupewa cheo. Kikulacho ki nguoni mwako, nawe nguo ndiyo kazi yako, ukaipiga pasi kunguni akiwa ndani. Mwenye biashara gani anakatazwa kupata mteja wa pili? Hilo hukujiuliza. Ulikuwa kwenye mtambo wa kuchapa kadi.

Sasa elewa ulichobebeshwa. Mwajiri hutakiwa akate kodi kwenye mshahara wako aipeleke, na achangie akiba yako ya uzeeni. Alipokubatiza mkurugenzi, mizigo yote miwili ilihamia kichwani kwako, wala hakukuambia uinamishe shingo.

Karatasi ya pili usiitie sahihi. Akikusukuma, mwambie unaipeleka kwanza isomwe na ofisi ya kazi, uone itakavyorudi mfukoni mwake. Barua ya kodi usiifiche chini ya godoro, maana nawajua wasomaji wangu: ijibu kwa maandishi kabla muda wa pingamizi haujapita, ueleze kwamba wewe ni mwajiriwa, uombe wachunguze kabla ya kudai. Ule ujumbe wa sauti usiufute, mpe mkaguzi ausikie pamoja na ile leso. Na zungumza na wenzako wa meza nyingine kabla ya Jumatatu. Mmoja akisema kweli ataitwa mkaidi. Wakisema wote, huo ni ushahidi.

Sikupaki mafuta kwa mgongo wa chupa: hata mwajiriwa ana kodi yake, huenda ukabakiwa na kiasi. Hicho omba ulipe kidogo kidogo. Lakini faini ya biashara ambayo haikuwapo ipiganie mpaka mwisho.

Mumeo mwambie kwamba ada ya shule alilipiwa yeye, basi shukrani aitoe yeye, kwa mshahara wake, bila kugusa makochi. Mama mkwe hakukosea, damu ni nzito kuliko maji. Ndiyo maana kupe hanywi maji.

Na mjomba akikufukuza, usilie hapo dukani wala usibembeleze. Mwombe tu akuandikie barua ya kukuachisha kazi, aweke sahihi na muhuri. Kisha uipeleke ofisi ya kazi siku hiyo hiyo, wakamuulize amemfukuzaje mtu ambaye hakumwajiri.