Nadhiri ya Miguu Minne

Jumamosi, 6 Septemba 2025

Maulidi yalikuwa jana. Leo Bi Warda kanishika mkono njiani: ziara ya kaburi la Shehe Mansuri ni Jumapili ya tarehe 28, je, mwaka huu naja au nitamletea udhuru tena? Nikasema naja. Nikasema na Baba Amina, Mfaume wangu, anakuja.

Hilo la mwisho lilinitoka tu!

Lakini nadhiri yenyewe ndiyo hiyo. Mwaka jana Mfaume alipoangushwa na kiharusi pale uani, mdomo ukaenda upande, mkono na mguu wa kushoto vikawa kama vya mtu mwingine. Nilikaa pembeni ya kitanda cha hospitali nikasema: Ewe Mola, ukiniinulia mume wangu, tutakwenda kumzuru Shehe Mansuri kwa miguu. Sote wawili. Kutoka hapa Kiegeani mpaka kaskazini kule, siku tatu, kama walivyokwenda wazee.

Ameinuka. Mdomo umerudi. Mkono umerudi — siku hizi anakuna nazi! Mguu ndio bado. Ndani anatembea kwa kushika ukuta, nje kwa kushika fimbo, na hatua ishirini tu anatafuta pa kukaa.

Nimemwambia wakati wa chai. Akacheka. Akanywa chai yake yote. Ndipo akasema: nitakwenda, kwa nini nisiende? Kwa baiskeli.

Jumatatu, 8 Septemba

Tumegombana. Si sana — ugomvi wa watu waliooana miaka thelathini na tatu, kila mtu anajua sentensi ya mwenzake inayofuata.

Mimi: "Kwa miguu maana yake kwa miguu!"

Yeye: "Na pedeli inazungushwa na nini, Mwalimu? Na masikio?"

Nimefundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, sikuwahi kukosa jibu mbele ya mwanafunzi. Leo nikainuka nikaenda kuosha vyombo.

Ila baiskeli kweli anaiweza. Ajabu! Mtu hawezi kufika dukani kwa miguu, lakini ukimkalisha kwenye tandiko anateleza kama kijana. Mguu wa kushoto anaufunga kwenye pedeli kwa ukanda wa tyubu, wa kulia unafanya kazi, wa kushoto unafuata. Huo ukanda ndio unaonitia hofu. Nimemwuliza, ukianguka? Kasema sianguki.

Alhamisi, 11 Septemba

Tumekwenda kwa Ustadhi Zubery, atuamulie. Kasikiliza mpaka mwisho, kajifuta uso kwa kitambaa — nadhani alikuwa anaficha kicheko. Kisha kasema nadhiri ni ya aliyeiweka. Mtu hawezi kumwekea mwenziwe nadhiri, kama asivyoweza kumfungia Ramadhani. Wewe Mwalimu umesema kwa miguu, basi wewe kwa miguu. Mzee Mfaume hadaiwi kitu, hata akibaki nyumbani ni sawa.

Mfaume alitoka pale kifua mbele, kama mtu aliyefaulu mtihani. "Mimi nakwenda kwa hiari, Mama Amina. Na hiari yangu ina magurudumu mawili."

Nilicheka. Lakini sasa nimekaa peke yangu na neno la Ustadhi linanichoma. Nilisema "sote wawili" bila kumwuliza. Alikuwa hawezi hata kusema ndiyo.

Jumapili, 21 Septemba

Mazoezi. Mfaume kafika Utende na kurudi kwa baiskeli, kavuta pumzi mlangoni kwa fahari. Kiwiko kimechubuka. Nikauliza, hujaanguka? Kasema kiwiko kimegusa ukuta. Ukuta gani huo wenye mchanga?

Amina kapiga simu kutoka Dar: kwa nini baba asipande bodaboda kama watu? Mfaume kachukua simu kamjibu kwamba bodaboda ni ya wagonjwa.

Ijumaa, 26 Septemba

Tumeanza! Watu ishirini na sita, wanawake wengi kuliko wanaume. Bi Warda mbele na mwavuli wake mweusi, tunasoma kasida, na nyuma yetu kengele ya Mfaume: kring, kring, pisheni njia! Kila mtu anacheka. Mimi pia.

Kumbe baiskeli haiwezi kwenda mwendo wa miguu. Akienda polepole inayumba. Basi anakwenda mbele mpaka hatumwoni, anatungoja chini ya kivuli, tukifika tu anaondoka tena. Siku nzima nimemwona mgongo.

Kilindoni tulipumzika, tukaswali Ijumaa. Zoeb wa dukani, aliyekuwa akiniuzia chaki na madaftari, katuletea katoni nzima ya maji baridi na kunitolea plasta za miguu, maana kaona navyokanyaga. Kaniambia: Mwalimu, viatu hivi vipya? Ndiyo, vipya. Kosa la mwanafunzi wa darasa la kwanza! Lengelenge kisigino cha kulia, kubwa kama kokwa ya ukwaju.

Alasiri Mfaume kapata cheo. Kachukua mabegi ya wazee kwenye keria, kayatanguliza Baleni, karudi kuchukua mengine. Amekwenda kuwaambia wenyeji tunakuja wangapi, karudi na habari kwamba wali unapikwa. Wanawake wanamwombea dua. Bi Warda kasema kwa sauti, bila baiskeli hii tungefika maiti.

Nimefurahi. Na nina wivu — niandike tu, nani anasoma hapa? Watu wote leo wamempata Mfaume isipokuwa mimi. Nimefunga safari hii kwa ajili ya kutembea naye. Nimetembea na mwavuli wa Bi Warda.

Jumamosi, 27 Septemba

Niandike yote kabla sijalala, magharibi imeingia sasa hivi.

Asubuhi aliondoka mbele kama jana, mabegi nyuma. Kabla ya Kirongwe tulikata njia ya mashambani, kama tulivyokubaliana naye asubuhi; Bi Warda anasema ni fupi. Fupi ndiyo, lakini mchanga mtupu, unazama mpaka kifundo. Lengelenge limepasuka. Nikabaki nyuma, nikawaambia wenzangu tangulieni, nawasikia, sipotei. Kasida ikawa inasogea mbali, mbali, mpaka ikawa kama mtu anaimba nyumba ya tatu.

Ndipo nikasikia: "Mama Amina."

Nikageuka. Hakuna mtu. Shamba la mihogo tu.

"Mama Amina. Hapa chini. Uko peke yako?"

Alikuwa amelala kwa ubavu kati ya mihogo, baiskeli juu yake, mabegi yametawanyika. Mguu wa kushoto bado umefungwa kwenye pedeli. Gurudumu lilizama mchangani, akaangukia upande uleule wa kushoto, na mkono wa kulia haufiki kwenye fundo. Uso umejaa vumbi, na kwenye vumbi mifereji miwili. Sikuuliza ni ya jasho au ya nini.

Nikalifungua fundo kwa meno. Nikamwinua akaketi. Hakuvunjika, alhamdulillahi! Goti limechubuka, bega linauma.

Nikamwuliza amelala hapo tangu lini. Kasema tangu jua lilipokuwa pale — kanyoosha kidole. Karibu saa nzima.

"Si wenzetu wote wamepita hapa?"

"Wamepita."

"Hukuwaita?"

Akawa anaokota majani ya muhogo kwenye kanzu, moja moja.

"Nilijivutia huku ndani wasinione," kasema. "Jana nilikuwa mtu, Nasma. Mwaka mzima watu wananipisha, wananishika kwapa, wananiuliza 'Mzee unaendeleaje' kwa sauti kubwa kama mimi kiziwi. Jana wakanituma! Chukua hili, peleka kule. Nikaona leo nikiwaita, kesho nitarudi kuwa mgonjwa."

"Na mimi ulijuaje nitabaki nyuma?"

"Nilikuona asubuhi unavyokanyaga."

Nililia. Nikamwambia lile lililonichoma: kwamba nilimfunga nadhiri mimi bila idhini yake, kwamba pale hospitali sikuwa namwombea yeye tu, nilikuwa najiombea mimi, niliogopa kubaki kwenye nyumba ile peke yangu na redio. Kwamba aliponiambia baiskeli niliona kama ananikimbia.

"Nilikuwa nasikia," kasema. "Pale kitandani. Ulimi ndio ulikuwa haupo, masikio yalikuwepo. Ulivyosema 'sote wawili' nikajisemea moyoni, huyu mwanamke kaniweka kwenye safari, basi sifi."

Sikujua. Mwaka mzima hakunieleza!

Tukakusanya mabegi. Hakupanda tena. Aliishika baiskeli usukani na tandiko akaiegemea, mimi nikashika keria upande wa pili, tukaenda — vilema wawili na chuma katikati. Hatua thelathini, tunapumzika. Hatua thelathini. Tulizungumza mambo ambayo hatujazungumza tangu Amina aolewe. Kirongwe tumeingia wenzetu wameshaswali alasiri.

Kwa wengine amesema tairi lilipata pancha. Nikaitikia, ndiyo, pancha. Mwenyezi Mungu anisamehe.

Tunalala kwa Mwanahalima, mwalimu mwenzangu wa zamani. Kaniosha kisigino kwa maji ya chumvi, kasema hiki kisigino kesho hakitembei. Nikamwambia kitatembea.

Jumapili, 28 Septemba. Njiani, yapata saa nne asubuhi

Hakitembei.

Tuliondoka na wenzetu alfajiri. Saa moja baadaye walikuwa hawaonekani. Ziara inasomwa baada ya adhuhuri, watu wa vijiji vyote wanakuwepo, kisha kila mtu anaondoka. Bado njia ni ndefu kuliko tuliyotembea leo. Kwa mwendo huu tutafika watu wanafagia.

Hapa barabara ni ngumu, baiskeli inapita. Mfaume kasema panda keria, Mama Amina, nikufikishe, tutawahi hata chai. Nikasema nadhiri. Kasema vunja, utoe kafara, nitakusaidia kulisha hao masikini kumi, nitakuna nazi zote mimi. Nikasema sitaki kuvunja. Basi baki hapa, nitafute bodaboda? Hapana. Basi tutembee tuchelewe? Hujui kama utaweza, nikamwambia, jana ulitembea kwa sababu ya hasira. Kasema haikuwa hasira.

Kisha kaniambia jambo ambalo sikulitegemea kwake. Kasema: "Uamuzi wako ndio wangu. Ila safari hii uniulize."

Nikamwuliza. "Wewe unataka nini, Mfaume?"

Kasema ana kiu, hawezi kujibu swali kubwa na kiu. Akaegemea baiskeli akaenda nayo kwenye nyumba ile ya makuti ng'ambo ya barabara, kuomba maji. Mimi nimekaa juu ya gogo, viatu nimevua, naandika nisilie.

Nawasikia wanacheka huko uani. Sauti ya mwanamke, na yake. Kashapata jamaa, huyu hakosi jamaa popote.

Anatoka.

Ana dafu mkono huu na dafu mkono huu. Kayashika kwa mikono miwili asimwage. Ananiita kutoka kule, eti mama mwenye nyumba ni binti wa Matano, yule Matano wa Chole tuliyecheza naye ngoma harusini, unamkumbuka? Mguu wa kushoto unachora mstari mchangani, mwili unapinda, lakini anakuja.

Baiskeli iko uani. Fimbo hakuja nayo. Hajaegemea kitu!

Na hajui. Anaongea tu, anaangalia madafu yasimwagike. Nikimwambia atakumbuka, na akikumbuka ataanguka. Nimeitikia kwa kichwa, ndiyo, namkumbuka Matano, endelea. Nahesabu hatua zake.

Kumi na tano. Kumi na sita. Amefika katikati ya barabara, anacheka kisa chenyewe kabla hajakimaliza.

Ishirini na moja. Ishirini na mbili —