Ndoo ya Kwanza

Wanangu, na baba yenu pia asome,

Chai iko kwenye chupa, mkate nimeufunika. Atakayetoka wa mwisho azime jiko. Nimewahi kwenye cherehani, sare za watu zinasubiri vifungo.

~~Samahani kwa kuwachelewesha.~~ Nimeifuta hiyo, siombi samahani. Miaka yote nachemsha maji, mnaoga nyote, mimi naambulia ya chini ya ndoo yakiwa yameshapoa. Leo ndoo ya kwanza nimejipa mwenyewe. Nilijimwagia polepole, kopo kwa kopo, mpaka mabega yakalegea, na wala sijui nilianza saa ngapi kuimba. Mlivyogonga mlango niliwasikia. Nilijitia kiziwi tu.

Kugonga hakukuniuma. Kilichoniuma ni baba yenu kusimama pale koridoni na kuuliza, "Nani huyo anaimba?" Miaka kumi na tisa tuko nyumba moja, na hakuwa anatania.

Taulo langu la bluu lisiguswe. Kesho naingia wa kwanza tena.

Na wewe mume wangu, ukiisikia tena sauti hiyo usiulize ya nani. Njoo usikilize.

Mama